Alice ya kale yenye picha za Tenniel: maswali ninayoulizwa kila mara

Nina nakala moja ya Alice's Adventures in Wonderland, hadithi ya watoto ya Kiingereza, chapa ya mchapishaji Macmillan ya miaka ya 1880. Jalada lake lilikuwa jekundu. Mgongoni limefifia mpaka limekuwa rangi ya tofali. Kila anayeiona rafuni ana swali, na ajabu ni kwamba wengi nao wana kitabu cha namna hiyo nyumbani: cha marehemu babu, cha mwalimu aliyehama, au kilichookotwa kwenye rundo la mitumba. Yale yanayorudi mara kwa mara nimeyaweka hapa. Wengi huanza kwa kuutafuta mwaka. Mimi huanza na picha, na ukisoma utaona sababu.

Kwa kifupi, kitabu hiki kilitoka wapi?

Mtoni. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu wa Christ Church, Oxford, alipiga makasia na rafiki yake mchungaji Robinson Duckworth, wakiwa na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith Liddell. Watoto wakataka hadithi, naye akaanza tu, bila kujua inakwenda wapi. Alice, aliyekuwa na miaka 10, alimsihi baadaye aiandike. Aliiandika kwa mkono, akaichora mwenyewe, akampa Novemba 1864. Wakati huo tayari alikuwa anaandaa kitabu cha kuuza, na alikuwa ameshakubali kwamba yeye si mchoraji. Kwenye jalada akajiita Lewis Carroll.

Ukitegemea sungura wa hadithi zetu, jiandae. Wetu humlaghai fisi na kumtoroka simba. Huyu wa Carroll ana kizibao, ana saa mfukoni, na roho iko juujuu kwa kuogopa kuchelewa.

Kwa nini chapa ya 1865 inasemwa kama dhahabu?

Kwa sababu ya mchoraji aliyeikataa chapa yenyewe.

John Tenniel alikuwa mtu mkubwa kuliko Carroll wakati huo. Alikuwa mchora katuni wa gazeti la vichekesho la Punch, London nzima ikimjua, na jicho lake moja lilikuwa limeharibika tangu ujanani alipoumizwa akicheza upanga na baba yake. Alilipwa paundi 138 kwa picha 42, na fedha hizo zilitoka mfukoni mwa Carroll. Ndivyo walivyopatana na Macmillan: mwandishi analipia kila kitu, yaani mchoraji, wachonga vibao, karatasi na uchapaji, na mchapishaji anachukua kamisheni yake kwenye mauzo.

Nakala 2,000 zikachapwa Oxford katikati ya 1865. Chache zikafungwa majalada, Carroll akaanza kuwagawia rafiki zake. Julai Tenniel akazitazama, akasema hakuridhika hata kidogo na jinsi picha zilivyochapwa. Mwandishi mwingine angebisha, maana hela zimeshatoka. Carroll aliizuia chapa yote. Akawaandikia waliokwisha kupewa wazirudishe, na zilizorudi zikapelekwa kwenye hospitali za watoto. Kisha akakaa na kupiga hesabu kwenye shajara yake, akaona kwamba hata akiuza 2,000 mpya huenda akabaki na hasara ya paundi 200. Kwa mwalimu wa chuo hizo si hela za kuchezea.

Zile ambazo hazikurudi ndizo zinazotafutwa. Leo zinajulikana nakala ishirini na kidogo tu duniani. Hebu waza: mali yote hiyo imetokana na kitabu ambacho wenyewe walikiona kibovu.

Zile karatasi ambazo hazikufungwa majalada zilikwenda wapi?

Marekani. Ziliuzwa kwa kampuni ya Appleton ya New York, wakazitoa mwaka 1866 zikiwa na ukurasa mpya wa jina. Kwa hiyo Alice ya Appleton ya 1866 ndani yake ni uchapaji uleule wa Oxford. Ni njia ya kuishika "ile ya 1865" kwa bei nafuu, ingawa nafuu hapa ni ya watu wenye nafasi zao.

Yangu imeandikwa 1866, Macmillan, London. Je, ni ya kwanza?

Inawezekana ni ya kwanza kuuzwa hadharani. Baada ya lile tukio, Richard Clay wa London alikichapa upya kitabu chote, Tenniel akaridhika, na kikatoka Novemba 1865 kikiwa na mwaka 1866. Wachapishaji wa zamani walipenda kufanya hivyo: kitabu cha mwisho wa mwaka kinapewa mwaka unaofuata ili kisionekane cha zamani ifikapo Januari.

Tazama mambo haya. Jalada ni kitambaa chekundu. Carroll mwenyewe alitaka nyekundu inayong'aa kwa sababu aliamini ndiyo rangi inayowavuta watoto. Mbele kuna duara la dhahabu lenye Alice amempakata mtoto wa nguruwe, na nyuma kuna duara lenye Paka wa Cheshire. Kingo za kurasa zimepakwa dhahabu pande zote tatu. Halafu fungua ukurasa wa yaliyomo, ushuke mpaka mstari wa mwisho, utafute herufi S iliyowekwa kichwa chini. Kwa macho matupu utaipita, tumia lenzi.

Ukurasa wa jina una maneno "Seventy-ninth thousand". Maana yake nini?

Swali hili peke yake limeniletea nusu ya watu waliowahi kunipigia simu, na hapo ndipo furaha nyingi huishia. Macmillan walikuwa wakihesabu nakala kwa maelfu na kuandika hesabu hiyo kwenye ukurasa wa jina. "Seventy-ninth thousand" ni elfu ya 79, yaani kitabu chako kimo kwenye kundi lililochapwa baada ya nakala 78,000. Si toleo la 79, na wala si idadi ya zilizobaki, kama bwana mmoja alivyohakikishiwa na muuzaji wake.

Usikate tamaa lakini. Nakala hizi za maelfu ya baadaye, za kabla ya 1900, ndizo mtu wa kawaida anaweza kuzipata, na zina picha zilezile, jalada lilelile na paka wake upande wa nyuma. Yangu ni mojawapo. Moja ya kuiangalia zaidi ni elfu ya 86, ya 1897. Hiyo Carroll aliipitia upya kabla ya kufa mwezi Januari 1898, akaongeza dibaji akijibu kile kitendawili cha Mtengeneza Kofia, mmoja wa wahusika wa hadithi, kinachouliza kunguru anafananaje na meza ya kuandikia, ambacho alikiri kwamba mwanzoni hakikuwa na jibu kabisa. Katika jibu hilo neno la Kiingereza la "kamwe" aliliandika "nevar", ambalo ukilisoma kinyumenyume linakuwa jina la kunguru kwa Kiingereza, "raven". Wachapaji waliofuata wakadhani ni kosa, wakalisahihisha, utani ukafa. Ukiikuta "nevar" kwenye dibaji, usiiuze kabla hujauliza.

Kulikuwa pia na toleo la watu wa kawaida, lililoanza Desemba 1887 kwa shilingi 2 na peni 6, wakati lile la jalada jekundu lilikuwa shilingi 6.

Picha hizi zilichapwaje? Mbona zinaonekana kama zimechanjwa na wembe?

Kwa sababu zilichongwa, tena kwenye mti. Tenniel alichora kwa penseli, mchoro ukahamishiwa juu ya kibao cha mti uitwao boksi, mgumu na wenye nyuzi zilizobana, jamaa wa mpingo kwa tabia ingawa si kwa rangi. Kisha kibao kilikwenda kwenye karakana ya ndugu wa Dalziel, mafundi mashuhuri wa London. Huko fundi anaondoa kila palipo peupe na kuacha mstari umesimama. Fikiria unywele mmoja wa Alice: ili ubaki, lazima mti uondolewe kushoto na kulia kwake, na mkono ukiteleza hakuna kufuta. Picha nzima pia lazima iwe kinyume, kama kwenye kioo, ili ikigongwa kwenye karatasi itoke sawa.

Vibao vyenyewe havikutumika kuchapia maelfu ya nakala, vingeisha. Vilitengenezewa nakala za shaba kwa umeme, na shaba hiyo ndiyo iliyoingia mashineni. Vibao vikawekwa, vikasahaulika, mpaka mwaka 1985 vilipoonekana kwenye chumba cha hazina cha benki moja London, vikiwa vizima. Vilichapwa tena moja kwa moja kutoka kwenye mti, nakala 250 tu, na walioziona wanasema mistari yake inafanya hata chapa ya Clay ionekane imevimba kidogo.

Faida kubwa ya kibao ni kwamba kimo chake kilingane na herufi za risasi, vyote vichapwe kwa pigo moja. Ndiyo maana katika Alice picha na maneno yamelala kitanda kimoja: maneno yanapinda kona kuipisha picha, na shairi la panya limepangwa likijikunja kama mkia, herufi zikipungua ukubwa kuelekea nchani. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya Paka wa Cheshire. Kwenye karatasi moja yuko mzima juu ya tawi, Alice chini akimwangalia. Fungua karatasi hiyo, na palepale, kwenye urefu uleule wa ukurasa, tawi lipo lakini paka amebaki cheko na ukungu. Ukiirudisha na kuifungua haraka, anatoweka mbele ya macho yako. Matoleo mengi ya kisasa yamezitenganisha picha hizi kurasa kadhaa, bila kujua wamevunja nini.

Nitajuaje kama picha zangu ni nzuri au ni nakala ya nakala?

Chukua lenzi na picha mbili tu.

Ya kwanza ni Mtengeneza Kofia. Kwenye kofia yake kuna kadi ya bei, 10/6, shilingi 10 na peni 6. Namba ziwe safi, na mistari ya kivuli cha kofia ihesabike mmoja mmoja. Kama kivuli kimekuwa doa moja jeusi, umeshika chapa iliyochoka au iliyonakiliwa na fundi wa bei ya chini. Ya pili ni ile ya mwisho, karata zinaporuka na kumvamia Alice: angalia nyuso za wanyama chini, zikiwa na macho bado zimepona.

Kwenye kona pia kuna sahihi mbili. Moja ni herufi J na T zilizofungamana, ya Tenniel. Nyingine ni jina Dalziel, la wachongaji. Wanakili wa Marekani mara nyingi waliipunguza picha au kuikata kingo, na sahihi zikaenda na maji.

Kitabu changu hakina mwaka popote.

Basi karibu hakika si cha Macmillan wa kwanza. Mpaka 1891 sheria ya Marekani haikuwalinda waandishi wa nje, kwa hiyo wachapishaji wa kule walijichapia Alice walivyotaka, wengi bila kuandika mwaka. Ni vitabu vizuri vya kusomea.

Changu kina picha za rangi. Ni za Tenniel?

Kuna njia mbili. Kama ni kitabu kikubwa, chembamba, chenye picha 20 na maneno machache ya kumsomea mtoto mdogo, huenda ni The Nursery Alice ya 1890. Hapo ni Tenniel mwenyewe, ametiwa rangi. Carroll alirudia ukaidi wake hapohapo: nakala 10,000 za kwanza zilipochapwa mwaka 1889 alizikataa, akasema rangi zinawaka mno. Gauni la Alice humo ni la njano. Hili la buluu tunalolijua wote lilishika baadaye.

Njia ya pili, huenda ni za mchoraji mwingine: ulinzi wa haki ya uandishi Uingereza uliisha mwaka 1907, miaka 42 baada ya kitabu kutoka, na mwaka uleule wachoraji wakamwagika kama kumbikumbi baada ya mvua. Aliyebaki kichwani mwa watu ni Arthur Rackham, kwa mchapishaji Heinemann: miti yenye vidole, rangi za majani makavu, Alice mwenye sura ya msichana wa kweli. Picha zake za rangi zilichapwa kwenye karatasi tofauti na kubandikwa, kwa hiyo zihesabu. Zinapaswa kuwa 13. Wauzaji wa fremu wameharibu vitabu vingi kwa kuzinyofoa.

Nina ile iliyoandikwa kwa mkono, yenye michoro ya Carroll mwenyewe!

Una nakala ya kuigiza, pole. Carroll aliitoa kwa Macmillan mwaka 1886, na tangu hapo imetolewa tena mara nyingi. Ule mswada wenyewe Alice Liddell aliuuza mnadani Sotheby's mwaka 1928, akiwa bibi mjane, kwa paundi 15,400. Ukaenda Marekani, na mwaka 1948 Wamarekani wakauchangia na kuurudisha kama zawadi kwa Waingereza. Uko British Library. Kwa hiyo si huo.

Na ile ya pili, ya kioo?

Through the Looking-Glass ilitoka Desemba 1871 ikiandikwa 1872, ikiwa na picha 50 za Tenniel. Kwenye ukurasa wa 21, katika shairi la maneno ya kubuni, chapa ya kwanza ina "wade" badala ya "wabe". Kosa la uchapaji ndani ya shairi lisilo na maana. Mchapaji wa watu ungemlaumu vipi?

Kuna Alice ya zamani ya Kiswahili?

Ipo, na kwangu mimi inasisimua kuliko hata ya Appleton. Elisi katika Nchi ya Ajabu ilitoka mwaka 1940, London, kwa Sheldon Press, tafsiri ya Ermyntrude Virginia St Lo Conan-Davies. Picha zake zinafuata mpangilio wa Tenniel, ila Elisi amechorwa binti wa Kiafrika. Weka toleo la Tenniel pembeni, na utamwona mtu mwingine kabisa akizungumza na wanyama walewale. Kilikuwa kitabu chembamba cha kusomwa, kikasomwa hasa, ndiyo maana kilichobaki ni kidogo. Ukikikuta kwenye sanduku la mwalimu mstaafu, tafadhali kisiende kufungia karanga.

Tafsiri mpya ni ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya 2015. Hiyo inanunulika. Linganisha hata majina: wa 1940 ameitwa kwa sikio, Elisi, wa 2015 kwa jicho, Alisi.

Changu kinaweza kuuzwa kwa kiasi gani?

Bei sitaji kwa simu. Nitakupa mipaka tu: nakala moja ya 1865 iliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, na nyingine ilipopelekwa mnadani mwaka 2016 ikitarajiwa milioni 2 mpaka 3, hakutokea wa kuichukua. Za elfu ya sabini na ngapi huko hazikaribii hata kivuli cha namba hizo. Kinachoshusha bei ni jalada lililobadilishwa, ukurasa uliopotea, na rangi za watoto. Katika yangu kuna mtoto, miaka mingi kabla sijazaliwa, aliyempaka Malkia wa Kopa kalamu nyekundu usoni, kwa bidii, mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mnunuzi angeitoa kasoro. Mimi humwonyesha kila mgeni.

Nakaa pwani. Nikihifadhi vipi?

Adui wako ni unyevu kuliko jua, ingawa jua ndilo lililoutafuna mgongo wa yangu. Usikiegemeze kwenye ukuta wa nje, hasa wa chokaa, maana ukuta unapumua maji. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki ukidhani umekikinga. Ukungu utaota humo kwa raha zake. Kisimamishe rafuni, hewa ipite, na kila wiki kadhaa kitoe, kifungue, ukipepee. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia ukivikausha na kuvibadilisha. Kwa mchwa na wadudu wala karatasi, kagua nyuma ya rafu na sio mbele. Madoa ya kahawia kama kutu kwenye kurasa ni umri, usiyasugue.

Na gundi ya utepe, hapana. Nasema kwa aibu. Nilipoipata yangu, ukurasa mmoja wa sura ya mashtaka ya vitumbua ulikuwa umechanika, nikaubandika selotepu nikajiona fundi. Baada ya miaka michache utepe ukawa njano kama mafuta ya mawese, ukaganda, na sasa maneno yaliyo chini yake yanasomeka kwa taabu. Ukurasa uliochanika uache ndani ya kitabu, uwekee karatasi safi nyeupe, mpaka umpate anayejua kazi.

Nikikutumia picha za kitabu changu, nipige wapi?

Ukurasa wa jina mbele na nyuma. Ukurasa wa yaliyomo. Jalada mbele, nyuma na mgongo. Kofia yenye 10/6, karibu uwezavyo. Paka akiwa mzima na paka akiwa cheko. Piga kwa mwanga wa dirishani, bila taa ya simu, maana dhahabu inaakisi na kuficha kila kitu. Na usikilaze kifudifudi kwenye mashine ya kunakilia ili ukurasa unyooke. Mgongo wa miaka 130 ukilia "kwa", hauungiki.